Mzigo wa Kujitwisha

Katika lugha yetu neno "kujitakia" lina lawama ndani yake. Mtu akivunjika mguu kwa kuanguka kutoka mnazini, alikopanda kuangua nazi za watoto wake, majirani humwendea kwa pole. Akivunjika mguu huohuo kwa kupanda mnazi ili kushindana na wenzake, pole hupungua, na wapo wazee watakaosema, kwa sauti ya kusikika, kwamba amejitakia. Taabu, kwa mawazo ya watu wetu walio wengi, ni jambo linalomjia mtu. Huipokea kwa subira, huishinda akiweza, lakini hatoki nyumbani kwake kwenda kuitafuta, sembuse kutoa fedha ili auziwe.

Kwa sababu hiyo yafaa tulitazame kwa makini jambo lifanyikalo kila mwaka katika Marekani na Kanada, ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kumchekesha mwanafunzi wetu. Kila ifikapo mwezi wa Juni, shule zikiisha kufungwa kwa likizo ndefu ya majira ya joto, wazazi wenye uwezo huwapeleka watoto wao kwenye kambi zilizo misituni na kandokando ya maziwa. Nyingi ya kambi hizo ni za michezo na kuogelea tu, nazo hatutazizungumza. Lakini zimo zile ambazo kambi yenyewe ni mlango tu: vijana wa miaka kumi na mitatu, kumi na mitano au kumi na saba hukaa hapo siku mbili tatu wakifunzwa na kufungasha vyakula, kisha hutoka kwa makundi madogo, wamebeba mashanta mgongoni au wamepanda mitumbwi, wakaingia porini kwa juma moja au mawili. Wale wakubwa, waliokwisha kupitia safari za miaka iliyotangulia, huenda hata zaidi ya siku arobaini, hadi kwenye mito ya kaskazini kabisa mwa Kanada ambako miti haioti tena. Wazazi hulipia safari ndefu za namna hiyo maelfu ya dola. Kile wanachokinunua, ukiondoa chakula na ulinzi, ni taabu.

Swali letu ni hili: je, taabu iliyonunuliwa yaweza kumfunza mtu kitu? Na kama yaweza, humfunza nini, na kwa gharama ya nani?

Ili tusihukumu jambo tusilolijua, tuanze na safari yenyewe. Tuchukue nchi ya maziwa iliyo mpakani mwa jimbo la Minnesota na Kanada, iitwayo Boundary Waters. Ni eneo la zaidi ya ekari milioni moja, lenye maziwa zaidi ya elfu moja yaliyochimbwa na barafu ya zama za kale katika miamba. Ndani yake hamna barabara za kupitia, na katika sehemu kubwa ya maziwa hayo mashua za injini ni marufuku. Sheria hairuhusu kundi lizidi watu tisa wala mitumbwi minne. Ziwa na ziwa hutenganishwa na kipande cha nchi kavu, na msafiri akifika mwisho wa maji hana budi kushuka, kupakua kila kitu, na kukivusha kwa mabega yake hadi kwenye maji mengine. Vivuko hivyo vya nchi kavu hupimwa hata leo kwa kipimo cha kale cha Waingereza kiitwacho rodi, ambacho ni mita tano na kitu kidogo, yaani karibu sawa na urefu wa mtumbwi mmoja. Rodi 320 hufanya maili moja. Mtumbwi wa alumini una uzito wa kilo 34 hivi. Ule wa mbao uliovikwa turubai, ambao kambi kadhaa za zamani bado zinaupenda kwa ukaidi usiokosa haiba, ni mzito zaidi, hasa ukiisha kunywa maji. Kijana huuinua, akaugeuza juu chini, akauegemeza mabegani kwa ubao wake wa kati, akaenda. Na kwa kuwa kichwa chake kimo ndani ya mtumbwi, haoni ila miguu yake mwenyewe na hatua chache za njia.

Mvua haimngoji afike. Mbu na usubi humwandama wakati ambapo mikono yake yote miwili imeshika mtumbwi na hawezi kujipiga. Jioni huna budi kutundika vyakula mtini, au kuvifungia katika chombo kigumu, ili dubu asivifikie. Kifungua kinywa ni uji wa shayiri. Na kama aliyekuwa na zamu ya kutafuta kuni alizembea jana yake, zikalowa kwa mvua ya usiku, basi asubuhi uji haupikiki, na wenye njaa ni tisa, naye ni mmoja wao. Katika mtumbwi wa watu wawili, wa mbele hutoa nguvu na wa nyuma hushika njia. Wakiwa wamenuniana, mtumbwi huenda upogoupogo, na kila aliye ziwani huona kwamba wale wawili wamegombana.

Mwalimu asomaye maneno haya ataona mara moja jambo ambalo darasani ni gumu kulipata. Mwanafunzi mvivu darasani hujidhuru mwenyewe. Alama ni zake, na jirani yake aliyepata tisini hapungukiwi kitu. Tena adhabu yake hutoka kwa mtu, na madhali imetoka kwa mtu yaweza kudhaniwa kuwa ni chuki au upendeleo. Lakini upepo haumchukii mtu. Mtoto wa hakimu na mtoto wa mfagiaji hulowa sawasawa. Uvivu wa mmoja huonekana kabla jua halijapanda, katika matumbo ya wote, wala hapana haja ya mtu kuhutubia. Haya ni mafunzo ya kweli, na mtu atakayeyadharau kwa sababu tu yamelipiwa ada atakuwa ametanguliza hasira mbele ya akili. Hata shule zetu nzuri zililipiwa, kama si na mzazi basi na mkulima wa pamba aliyekatwa kodi.

Asili ya kambi hizi inatusaidia kuelewa zilikusudiwa kuponya ugonjwa gani. Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani, mwalimu mkuu mmoja wa Connecticut, Frederick William Gunn, aliwachukua wavulana wa shule yake, ambao walikuwa wakitamani maisha ya askari, akatembea nao kama maili arobaini hadi pwani wakapiga kambi huko. Hiyo huhesabiwa na wengi kuwa ndiyo ya kwanza. Lakini aliyeyaona mambo kwa undani zaidi ni kijana Ernest Balch, ambaye mwaka 1881 alianzisha kambi katika kisiwa kidogo cha ziwa Squam, huko New Hampshire. Balch alichukizwa na maisha ya watoto wa matajiri, waliofuatana na wazazi wao kwenye mahoteli ya starehe majira yote ya joto wakizurura bila kazi. Kambini kwake hapakuwa na mtumishi hata mmoja: wavulana walipika, waliosha vyombo, walijenga, hata wakawa na benki yao na kazi za ujira ili wajue shilingi hutoka wapi. Ilidumu hadi mwaka 1889, kisha ikafungwa, lakini mfano wake ulienea.

Tuangalie vizuri. Balch hakuwa akitibu umaskini. Alikuwa akitibu utajiri. Hakuna aliyefikiri kumjengea mtoto wa kibarua kambi ya kumfundisha kuosha sufuria.

Na hapa tunafika penye jambo ambalo viongozi wa kambi hulitaja kwa fahari, nasi tunalitazama kwa jicho lingine. Njia zile za kuvukia kati ya ziwa na ziwa hazikufunguliwa kwa ajili ya watoto wa likizo. Kwanza ni njia za Waojibwe, wenyeji wa nchi hiyo, mafundi wa mitumbwi ya magome ya miti iliyokuwa myepesi kwa kubebwa na myepesi kwa kutengenezwa ikitoboka. Kisha, katika karne ya 18, biashara ya ngozi za wanyama wenye manyoya, hasa biva, ilipita hapo kutoka Montreal kuelekea magharibi. Wapiga makafi wa biashara hiyo walikuwa vibarua wa mkataba, wengi wao wana wa wakulima wa Kanada wasemao Kifaransa. Kwenye kila kivuko, kila mtu alitazamiwa kubeba kwa mara moja mafurushi mawili, kila furushi likiwa na ratili 90, jumla yake kama kilo 80, yakining'inia kwa mkanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso. Kivuko kilichoitwa Grand Portage kina urefu wa maili nane na nusu. Mkanda huo hauhitaji maelezo kwa msomaji aliyepata kuwaona akina mama wa Kikuyu wakiteremka mlimani na mizigo ya kuni. Kambi ya Keewaydin, iliyoanzishwa mwaka 1893 na yenye makao yake katika ziwa Temagami huko Ontario, inawafundisha vijana hadi leo kubeba masanduku ya mbao kwa mkanda wa namna hiyohiyo.

Basi kazi iliyovunja migongo ya vibarua wa karne ya 18 imekuwa sifa ya mwana wa wakili wa karne ya 21. Tungeweza kuishia hapo, tukacheka, tukafunga kitabu. Lakini sisi nasi tuna historia ya mizigo, nayo haituruhusu kucheka upesi. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo ilitegemea mabega ya wapagazi, na waliosifika zaidi kwa kazi hiyo ni Wanyamwezi. Mpagazi alibeba kilo thelathini au zaidi za pembe za ndovu au majora ya nguo, miezi mitatu njiani, kwa ujira na posho. Hakika ilikuwa kazi ngumu, tena yenye kuua. Hata hivyo wanahistoria wametuonyesha kwamba kwa vijana wa Unyamwezi safari ya pwani ilikuwa pia kipimo cha utu uzima. Yule ambaye hakuwa ameiona bahari alihesabiwa bado mtoto, na aliyerudi alikuwa na neno la kusema mbele ya wasichana na mbele ya wazee. Msafara ulikuwa na kirangozi wake mbele, na ngoma, na nyimbo, na heshima ya kazi iliyoeleweka na wote. Mtu yule alikuwa mwajiriwa na papo hapo alikuwa katika jando la njia.

Kwa hiyo si kweli kwamba taabu ya lazima hukandamiza tu na taabu ya hiari hujenga tu. Mambo haya mawili yamechanganyika tangu zamani katika mgongo mmoja. Tofauti tunaiona mahali pengine, yaani kwenye mlango wa kutokea. Mpagazi aliyeugua kati ya Ugogo na Usagara huenda aliachwa chini ya mti. Kijana wa kambi akiugua, kiongozi wake ana chombo kidogo cha kuita msaada kwa njia ya setilaiti, na ndege yaweza kutua ziwani. Mpagazi asingebeba, asingekula. Kijana asipobeba, ataaibika, na mwezi wa Septemba atarudi shuleni kama kawaida. Taabu yenye mlango wa kutokea ni taabu bado. Shingo huuma vilevile. Lakini aliyeipata asije akadhani kwamba sasa anayajua maisha ya wale wasiokuwa na mlango.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa upande huu safari za vijana hao zina jema ambalo hatuna budi kulikiri: kwa majuma machache kila mtu hubeba cha kwake, na usufi hugeuka jiwe. Ajabu ni kwamba kanuni hiyo haivuki bahari pamoja na watu wake. Mgeni yuleyule aliyefundishwa utotoni, kule Minnesota, kwamba ni aibu kumwachia mwenzako shanta lako, akija kuupanda Kilimanjaro akiwa mtu mzima huenda akiwa na fimbo mkononi, na nyuma yake, au tuseme mbele yake kwa kuwa hao ndio wenye mwendo, kuna vijana wa Kichaga, Kimeru na wa makabila mengine waliobeba hema lake, chakula chake na kiti chake cha kukunja, mizigo ambayo kanuni yataka isizidi kilo 20 kwa mtu. Hatumlaumu mpagazi, kazi ni kazi, na wengi wamesomesha watoto kwayo. Wala hatusemi mgeni abebe mwenyewe na mwenyeji akose riziki. Tunasema tu kwamba fundisho la kujibebea lina mipaka ya kijiografia, na hilo ni jambo ambalo wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kulijadili kwa saa nzima bila kuchoka.

Kuna neno la pili linalohitaji kuchunguzwa, nalo ni "pori". Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 juu ya mapori ya hifadhi inaeleza pori kuwa ni mahali ambapo mwanadamu ni mgeni asiyekaa. Kwa Kiswahili tuna nyika, pori, msitu, mbuga na jangwa, na hakuna hata moja kati ya maneno haya lenye maana hiyo. Porini ndiko anakokwenda mrina asali, mganga, mwindaji, mchungaji wakati wa kiangazi, na kijana aliyepelekwa jandoni. Pori letu lina wenyewe, hata kama hawalali humo. Na kwa hakika hata pori la Minnesota lilikuwa na wenyewe. Waojibwe walitia sahihi mkataba wa mwaka 1854 uliowanyang'anya nchi hiyo, ingawa walibakiza kwa maandishi haki ya kuwinda na kuvua. Ng'ambo ya mpaka, ambako mwaka 1913 palifanywa hifadhi ya Quetico, serikali ya Ontario ilifuta mwaka 1915 ardhi waliyotengewa watu wa Lac La Croix ndani ya hifadhi hiyo. Mwaka 1991 ikawaomba radhi. Mkazi mmoja mweupe, bibi Dorothy Molter, aliruhusiwa kubaki katika ziwa Knife hadi alipofariki mwaka 1986, akiwauzia wapiga makafi kinywaji cha mizizi alichokitengeneza mwenyewe, na vijana wengi wa kambi walimpenda kuliko mandhari yote. Labda walihisi bila kuambiwa kwamba nchi isiyo na mwenyeji wa kukukaribisha ina kasoro.

Sisi Watanzania hatuna haki ya kusema haya tukiwanyooshea wengine kidole, kwa maana hata Serengeti ilifanywa tupu kwa kuwahamisha Wamaasai mwaka 1959, chini ya ukoloni, na tulipopata Uhuru tuliirithi ilivyo. Wahenga wetu walikuwa na sheria yao ya mgeni: siku mbili ni mgeni, siku ya tatu mpe jembe. Kijana akaaye porini siku arobaini bila kupewa jembe na mwenyeji yeyote hujifunza kustahimili, na hujifunza kutoacha takataka, jambo ambalo ni zuri. Lakini udugu na nchi hiyo hajaupata.

Sasa tuje kwenye hatari, maana hapo ndipo swali linapoacha kuwa la vitabuni. Fikra ya kwamba bahari na mlima vinaweza kuwa walimu ilipewa nguvu mpya na Kurt Hahn, Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyetiwa gerezani mwaka 1933 kwa kumpinga Hitler, akahamia Uingereza, na mwaka 1941, akishirikiana na mwenye meli Lawrence Holt, akaanzisha huko Wales shule iitwayo Outward Bound. Husimuliwa kwamba Holt alisikitika kuona mabaharia vijana wakikata tamaa katika mashua za kuokolea, baada ya meli kuzamishwa, mapema kuliko mabaharia wazee waliokuwa dhaifu kwa mwili. Shule za mfano huo zilienea: mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilifunguliwa moja Loitokitok, upande wa Kenya wa mlima Kilimanjaro, na mwaka 1962 ikafunguliwa ya Colorado.

Lakini tarehe 11 Juni 1978, katika ziwa Timiskaming lililo kati ya Ontario na Quebec, wavulana 27 na walimu 4 wa shule moja walitoka kwa mitumbwi minne mikubwa kuanza safari ndefu ya kaskazini. Upepo ulivuma. Mtumbwi mmoja ulipinduka, na katika kujaribu kuokoa ikapinduka na mingine. Maji ya mwezi wa Juni katika nchi ile bado ni ya barafu. Wavulana 12 na mwalimu mmoja walikufa kabla ya siku ile kwisha. Hapakuwa na vita, wala njaa, wala msiba wowote uliowalazimisha kuwa pale ziwani. Walipelekwa ili wawe wanaume hodari.

Je, mzazi au mwalimu ana haki gani ya kumtia mtoto katika hatari kwa faida ya tabia yake? Usijibu upesi, ndugu msomaji, kwa kusema kwamba hana. Babu zetu waliwapeleka watoto jandoni, na wako ambao hawakurudi. Mama aliambiwa kwa kuvunjiwa chungu mlangoni, au kwa ishara nyingine kama ilivyokuwa desturi ya mahali, na hakuruhusiwa kulia kwa sauti. Lakini katika jando la kijijini ngariba na kungwi walikuwa majirani. Walimjua mtoto tangu alipozaliwa, na wangeishi maisha yao yote wakipita mbele ya nyumba ya yule mama. Jukumu lao halikwisha na msimu. Kiongozi wa safari za mitumbwi aghalabu ni mwanachuo wa miaka ishirini hivi, mwenye mapenzi na ujuzi, ambaye mwezi wa Agosti ukiisha kila mtu hurudi mji wake. Uaminifu wake hatuutilii shaka. Tunalotilia shaka ni kama mkataba wa majuma manne unatosha kubeba uzito wa neno "malezi".

Tangu maafa kama yale, kambi zilizo makini zimejifunza mengi: jaketi la kuokolea maisha halivuliwi majini, kiongozi hufunzwa huduma ya kwanza ya porini, na kundi hukaa kisiwani siku nzima likingoja mawimbi yatulie, hata kama ratiba yasema vingine. Sisi twaona kwamba jambo hili la mwisho ndilo linalojibu swali. Kundi linalongoja linajifunza kama lile linalovuka, pengine zaidi. Hatari si mwalimu hata kidogo. Mwalimu ni kazi yenye matokeo; hatari ni gharama iliyoambatana nayo, na kama gharama nyingine zote, apunguzaye zaidi ndiye mweledi. Yeyote anayewauzia wazazi hatari kana kwamba ndiyo bidhaa yenyewe, awe wa kambi au wa jando, amewadanganya.

Kuna njia ya tatu kati ya taabu ya kununua na taabu ya kuzaliwa nayo, nayo ni taabu ya wajibu. Mwanafalsafa wa Marekani William James, katika insha aliyoichapisha mwaka 1910, alitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya vita: kitu kitakachowapa vijana ushupavu bila kuwaua wenzao. Alipendekeza vijana wote, wakiwemo wale waliolelewa katika starehe, waandikishwe kwa miaka kadhaa wapelekwe kwenye migodi, meli za uvuvi, ujenzi wa barabara, hata kuosha vyombo na madirisha, ili walipe deni lao kwa jamii na warudi wakiwa na huruma. Nchi yake haikumsikiliza kikamilifu. Ilimsikiliza nusu, mwaka 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ilipowaajiri vijana wasio na kazi katika jeshi la kuhifadhi misitu, kwa dola 30 kwa mwezi ambazo sehemu yake kubwa ilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wao. Vijana hao walitengeneza vivuko vingi katika msitu uleule wa Minnesota. Watoto wa kambi leo hupita juu ya mawe yaliyopangwa na mikono ya wenye njaa, na sidhani kama wengi huambiwa.

Sisi tulikwenda mbali zaidi. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na ilipoamuliwa kwamba wasomi nao walazimike kulitumikia, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana mwezi wa Oktoba 1966 kuupinga mpango huo, na karibu mia nne wakarudishwa makwao. Mwaka uliofuata ukaja waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ukitaka kila shule iwe na shamba. Mpango wa lazima kwa wahitimu ulisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Katika historia hiyo tumejifunza kwamba shuruti nayo ina kutu yake. Jembe alilopewa mwanafunzi kama adhabu kwa kuchelewa namba halikumfundisha heshima ya kilimo; lilimfundisha kwamba kulima ni adhabu. Hapo, tukubali, viongozi wa mitumbwi wametushinda. Hakuna kambi inayomwadhibu kijana kwa kumbebesha mtumbwi. Mtumbwi hubebwa kwa zamu na kwa heshima, na kiongozi hubeba wa kwake.

Haya hatuyaandiki kwa ajili ya watoto wa Minnesota. Katika miji yetu sasa wako watoto ambao begi lao hubebwa na dada wa kazi hadi kwenye basi la shule, ambao hawajawahi kuwasha moto wala kufua soksi, na likizo yao huishia mbele ya simu. Wako pale walipokuwa wale wavulana wa mahotelini mwaka 1881. Na dada anayebeba begi mara nyingi ni wa umri uleule wa kidato cha kwanza au cha pili, naye hayuko kidato chochote. Iwapo siku moja mtu atafungua kambi ya kuwafunza watoto hao kujibebea, na dalili zipo kwamba itafunguliwa na italipiwa ada kubwa, tungependa kujua kwanza dada yule atakuwa wapi majuma hayo manne.

Wakati huohuo, katika delta ya Rufiji wako wanafunzi wavukao mkondo kwa mtumbwi kwenda shuleni, wakubwa wakipiga kafi na wadogo wakikumba maji kwa kopo. Ratiba yao hupangwa na bahari: maji yakipwa mapema, mtumbwi hukwama kwenye matope na hushuka wakausukuma. Wakifika, nguo zimelowa hadi magotini na kengele imekwisha kulia. Mwalimu wa zamu anaposhika daftari la wachelewaji, yafaa amwite mmoja wao kando, amwulize alipita mkondo gani asubuhi hiyo, ni nani aliyekaa nyuma kushika njia, na maji yalikuwa yakijaa au yakipwa.